Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Tupeni Karatasi ya Ulezi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yetu,
na kupitia kwake, viongozi wanaosimamia ustawi wa jamii, afya, elimu na usajili wa vizazi.

YAH: WALEZI WANAOLEA WATOTO WA NDUGU KUTOTAMBULIWA KATIKA HUDUMA ZA SERIKALI

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliileta masjala kwa mkono wangu Machi 2023. Ya pili niliileta Oktoba mwaka huohuo. Ya tatu niliipitisha kwa mtendaji wa kata mwaka 2024 ili ifuate ngazi, kama nilivyoelekezwa. Nakala za zote tatu ninazo, zina mhuri wa kupokelewa na tarehe. Sijajibiwa hata moja. Mara mbili nilikuja kufuatilia, na mara zote mbili nikaambiwa jalada liko mezani kwa ofisa aliyesafiri. Ndiyo maana hii nimeiandika wazi, isomwe na yeyote anayetaka kuisoma.

Sitataja wilaya yetu, wala shule, wala hospitali. Sitaki muuguzi mmoja au kijana mmoja wa dirishani abebe lawama isiyo yake. Wengi wao walinipokea kwa heshima na walitamani kunisaidia, lakini kanuni hazikuwapa pa kuanzia. Wewe unajua ofisi zako, na ukifungua jalada utanijua na mimi.

Kwa ufupi, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa mkoani Kagera. Nina umri wa miaka 67 na ninalea wajukuu wanne. Wawili ni wa binti yangu, aliyefariki mwaka 2019 kwa kifafa cha mimba, siku tatu baada ya kujifungua. Baba yao alikuwa ametangulia miezi michache kabla, kwa ajali ya bodaboda. Wawili wengine ni wa mwanangu wa kiume, aliyekwenda kuvua visiwani huko ziwani akaacha kupiga simu. Mama yao yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Hutuma fedha anapolipwa, na si kila mwezi analipwa.

Huu si msiba wa nyumba yangu peke yake, na wewe unalijua hilo kama unaujua mkoa huu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana hapahapa Kagera, hospitali ya Ndolage, mwaka 1983. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Ugonjwa tuliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichopendwa sana siku zile, kwa sababu hatukuwa na jina lingine. Katika miaka iliyofuata niliwaona wanafunzi wangu wakija darasani wamenyolewa vipara vya msiba, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Waliowapokea walikuwa bibi zao. Mama yangu mzazi alipokea saba. Leo dawa za kufubaza virusi zipo na watu wanaishi, namshukuru Mungu na Serikali kwa hilo, lakini mlango wa bibi haujafungwa. Watoto wanaendelea kuingia: kwa ajali, kwa vifo vya uzazi, kwa ndoa zilizovunjika, kwa wazazi waliokwenda Mwanza, Dar es Salaam au Arabuni kutafuta riziki.

Haya ndiyo ninayolalamikia.

1. Ulezi wetu hauna karatasi.

Hili nimeliweka la kwanza kwa sababu mengine yote yanatokana nalo. Binti yangu alipozikwa, siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa, kama tunavyofanya siku zote. Wazee wa upande wetu walikuwepo, na wa upande wa marehemu mkwe wangu pia. Watoto wakasimamishwa mbele ya kikao, mchanga akiwa mikononi mwa shangazi yake, na ikatamkwa kwamba wanakabidhiwa kwangu. Muhtasari uliandikwa. Wazee saba walisaini, wawili kwa dole gumba, na mwenyekiti wa kitongoji akagonga mhuri.

Muhtasari huohuo niliupeleka mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Binti yangu aliacha cherehani, baiskeli na akiba kidogo kwenye kikundi cha wanawake. Mahakama iliupokea na mirathi ikafunguliwa. Cherehani ilipata mwenyewe kwa karatasi ile. Nilipoipeleka karatasi hiyohiyo kwenye ofisi nyingine kwa ajili ya watoto, nikaambiwa hiyo ni ya mirathi, haihusu ulezi.

Ndugu Mkurugenzi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haisemi hivyo. Kifungu cha 9 kinasema wazazi wakifariki, jukumu lao linaweza kuhamia kwa ndugu wa upande wowote kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Neno ni “au”. Bunge lilijua jinsi watoto wanavyolelewa nchi hii, likaandika hivyo kwa makusudi. Kifungu cha 8 nacho kinaweka wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu kwa mzazi, mlezi na yeyote anayemtunza mtoto, na anayeukiuka anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Kwa hiyo nikishindwa kumlisha mjukuu wangu, sheria itanijua kuwa mimi ni mlezi wake. Nikifika dirishani kumtafutia haki yake, hakuna anayenijua.

2. Cheti cha kuzaliwa.

Mdogo wa watoto wa binti yangu ndiye aliyeachwa na siku tatu. Tangazo la kizazi alilopewa mama yake lilipotea katika siku zile za msiba, na nani angeweza kukumbuka karatasi wakati ule? Najua nchi hii ina mpango mzuri wa kuwasajili bure watoto walio chini ya miaka mitano. Ulianzia Mbeya mwaka 2013, ukaenea mikoa mingine. Mjukuu wangu ameuvuka umri huo nikiwa njiani, nikitumwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine.

Safari ya mwisho naikumbuka vizuri. Kijana wa dirishani alinisalimia, “Shikamoo bibi,” akanivutia kiti. Aliisoma fomu yangu yote. Kisha akaigeuza upande wangu, akaweka kidole palipoandikwa saini ya mzazi, akasema, “Hapa asaini mama.” Nikatoa cheti cha kifo cha mama. “Basi baba.” Nikatoa cha baba. Alivisoma vyote viwili, akavipanga vizuri kimoja juu ya kingine, akakaa kimya kidogo. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, “Sasa bibi, mimi hapa niandike nini?”

Sikuwa na jibu, na yeye hakuwa nalo. Nilirudi nyumbani na fomu ikiwa na nafasi ile tupu. Mtoto yuko darasa la kwanza kwa hisani ya mwalimu mkuu aliyekubali kumpokea huku tukiendelea kutafuta. Siku mwalimu mkuu huyo akihamishwa, sijui atakayekuja atasema nini.

3. Hospitali.

Mjukuu wangu mwingine, kaka yake, ana miaka tisa na ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wanaolea mtoto wa selimundu hawahitaji kuelezwa, lakini nitawaeleza wengine. Baridi ikiingia, au akicheza mvuani, au bila sababu yoyote, maumivu huanza kwenye viungo. Huanza magotini, yakapanda. Ninachemsha maji, ninachovya kitambaa, ninamkanda. Mtoto huuma upindo wa kanga yangu ili asipige kelele kuwaamsha wenzake. Kanga ninayovaa ninapoandika barua hii ina alama za meno yake pembeni.

Mwaka jana, msimu wa mvua, alizidiwa usiku wa manane. Tulifika hospitali na bodaboda saa nane usiku, mtoto nimemkumbatia katikati, tumefunikwa nailoni. Akapimwa, damu imeshuka, akahitaji kuongezewa. Ikaletwa fomu ya ridhaa. “Mzazi yuko wapi?” Nikaeleza. “Una karatasi ya kisheria ya ulezi?” Nikatoa muhtasari wa ukoo, ambao siku hizi natembea nao kwenye mkoba kama kitambulisho. Ukaangaliwa pande zote mbili, ukarudishwa. Tukaambiwa tumsubiri ofisa ustawi wa jamii, na ofisa huingia kazini asubuhi. Alifika saa mbili. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani muda wote. Ni saa sita. Muuguzi wa zamu alitoa shuka lake mwenyewe akamfunika mtoto, akawa anakuja kila mara kumpima mapigo, macho yake mekundu. Sitamsahau. Ofisa alipofika alisaini ndani ya dakika tano.

Mtoto alipona. Nimeuliza tangu siku ile, kwa mdomo na kwa maandishi, kama ni kanuni au ni woga wa watumishi kulaumiwa baadaye. Sijajibiwa. Kama ni kanuni, ibadilishwe. Kama ni woga, andikeni waraka wa ukurasa mmoja uwaondolee.

Kuhusu bima: kadi yangu ya mstaafu inanitibu mimi, wajukuu haiwatambui. Watoto chini ya miaka mitano wana msamaha wa matibabu, na wazee wasio na uwezo kuanzia miaka 60 nao wanao. Mtoto wa miaka tisa anayelelewa na bibi yuko katikati, hana wa kumsemea. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na inataka wasio na uwezo wagharimiwe. Ninachotaka kujua ni jambo dogo: katika halmashauri yetu, atakapoorodheshwa mtegemezi wa kaya, mjukuu ataandikwa au ataachwa kwa sababu si mtoto wa kuzaa?

4. Shule.

Elimu bila ada, kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, tumeipata tangu Januari 2016, na Januari 2018 Hayati Rais Magufuli alikataza hadharani mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Mjukuu wangu wa darasa la sita amerudishwa mara mbili muhula huu kwa mchango wa chakula. Mara ya pili alikuta mimi niko kliniki na mdogo wake, akakaa mlangoni na begi mgongoni hadi jioni. Mimi nimekuwa mwalimu, ninajua shule haziwezi kupika bila mahindi na maharage. Ninachopinga ni kumfanya mtoto ndiye mjumbe wa deni. Tuiteni sisi.

5. Wasio na pensheni.

Mimi nina pensheni ya ualimu. Ni ndogo na ninaigawa kwa vidole, lakini ipo. Ninaandika hasa kwa ajili ya wale ambao hawana hata hiyo, na hawawezi kuandika barua.

Ng'ambo ya bonde yuko bibi mmoja ninayemheshimu kama dada yangu mkubwa. Amekwishavuka miaka 75. Analea watoto watano, na ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliyeshika nyumba ni msichana wa miaka 11. Anaamka kabla ya jua, anachota maji, anamenya ndizi, anampeleka bibi chooni akiwa amemshika mkono, ndipo anakimbia shule. Siku bibi akiugua haendi. Na hapa ndipo ninapoomba utafakari: mipango ya ruzuku kwa kaya maskini inafungamanisha sehemu ya fedha na mahudhurio ya mtoto shuleni. Nia yake ni njema, na nimeona nyumba zilizoinuka kwa ruzuku hiyo. Lakini mtoto anayekosa shule kwa sababu anamuuguza mlezi wake anaipunguzia kaya fedha kwa kosa la kumsaidia bibi yake. Ajira za muda nazo zinataka mtu wa kushika jembe na sururu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na katika vikundi vyetu bibi wa miaka 70 anaambiwa na wenzake kwamba atawaharibia marejesho.

Zanzibar imekuwa ikimlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii tangu Aprili 2016, bila kumuuliza alifanya kazi wapi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya ilianza mwaka 2004, kwa majaribio madogo, kuzipa fedha kaya zinazolea yatima. Hapahapa Kagera, pale Nshamba, shirika la KwaWazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo, na nyongeza kwa wanaolea wajukuu. Kwa hiyo jambo hili limekwishafanyika, tena karibu na nyumbani.

6. Maofisa ustawi wa jamii hawatoshi, na wahudumu wa jamii wametoweka.

Kata yetu haina ofisa ustawi. Yupo mmoja anayezunguka kata kadhaa, hana pikipiki. Kazi ya kutembelea nyumba ilikuwa ikifanywa na wahudumu wa kujitolea waliolipwa posho na miradi ya wafadhili. Mapema mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wengi wao wakaacha kuja. Binti aliyekuwa akija kwetu kila mwezi kuhesabu vidonge vya mtoto wa jirani, kuangalia kama tumekula, kutuuliza kama kuna mtoto anayepigwa, alikuja kuaga akiwa na daftari lake la nyumba 40. Aliniuliza daftari alikabidhi kwa nani. Nami nakuuliza wewe. Namba 116 ya kumsaidia mtoto tunaijua na tunaifundisha, lakini anayepokea simu hawezi kufika kitongojini. Anayefika ni mtu wa hapa.

7. Mlezi mwenyewe.

Hapa nitasema machache kwa sababu si rahisi kuyasema. Nilimzika binti yangu asubuhi, mchana nikawa natafuta maziwa ya kopo. Sikupata siku ya kulia. Wenzangu wengi wako hivyo: presha, sukari, mgongo, usingizi hauji. Hakuna ofisi iliyowahi kuniuliza, “Na wewe mwalimu, unaendeleaje?” Tumeanzisha kikundi chetu, tunakutana Jumapili baada ya ibada, kina mama 14 na babu mmoja. Hatuna mradi. Tunakaa tu tunazungumza, mwenye sukari anamkumbusha mwenzake dawa. Ofisi ikitupa mtu wa kuja mara moja kwa mwezi kutupima presha na kutusikiliza, itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko inavyodhani.

Ndugu Mkurugenzi, najua majibu yatakayotolewa, maana nimeyasikia kwenye korido.

Mtasema, nendeni mahakamani mkapate amri ya ulezi. Kwa anayeweza, sawa. Lakini hesabuni nauli ya kwenda wilayani na kurudi, pamoja na mashahidi wawili, mara nne au tano kesi inapoahirishwa, kwa bibi anayeuza mikungu miwili ya ndizi kwa wiki. Na sheria, narudia, inasema “au”.

Mtasema watu watajifanya walezi ili wapate misaada. Wachache watajaribu. Lakini kitongoji kinajua mtoto gani analala nyumba gani. Mwenyekiti anajua, mwalimu wa zamu anajua, jirani anayeazimwa chumvi anajua. Mkitaka uhakika waulizeni hao, wasaini, na anayedanganya achukuliwe hatua.

Mtasema kulea watoto wa ndugu ni mila yetu na Waafrika hatukuhitaji Serikali kwa hilo. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu linasifu na kututelekeza kwa wakati mmoja. Mama yangu alipopokea wale saba, kaka zake watatu walikuwa hai, na kibanja, shamba letu la migomba, kilikuwa kinatoa ndizi mpaka tunagawa. Mnyauko wa migomba uliingia mkoani mwaka 2006, na kibanja kile kina sehemu leo ni visiki vilivyooza. Kaka hawapo. Msimu wa senene natoka usiku na taa kama msichana, nikauze kikombe kwa kikombe ili Januari ikifika kuwe na madaftari. Mila ilibebwa na watu wengi. Sasa imebaki juu ya mgongo wa mtu mmoja mzee, ndiyo maana tunaomba mkono.

Mtasema kama tumelemewa, watoto wapelekwe makao ya kulelea watoto. Nimewahi kuambiwa hivyo na mtu mwenye nia njema. Yapo makao yanayofanya kazi ya Mungu kwa watoto wasio na mtu. Wajukuu wangu wana mtu. Gharama ya kumtunza mtoto mmoja huko kwa mwaka, mlezi wa nyumbani akipewa hata sehemu yake, mtoto angebaki karibu na kaburi la mama yake, na lugha yake, na ndugu zake.

Na mtasema bajeti. Sawa. Someni maombi yetu hapa chini. Mawili ya kwanza yanahitaji karatasi, wino na mhuri.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Hati moja ya utambulisho wa mlezi wa ndugu, itolewe na mtendaji wa kijiji au mtaa kwa kuthibitisha muhtasari wa ukoo, ipitiwe na ofisa ustawi wa jamii, na ikubaliwe shuleni, hospitalini, kwenye usajili wa vizazi na kwenye bima. Wizara ikiona inafaa nchi nzima, itakuwa heri. Kwa kuanzia, halmashauri yetu inaweza kuielekeza kwenye ofisi zake yenyewe, kwani kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake.

(b) Waraka kwa hospitali na vituo vyote vya halmashauri kwamba mtoto aliyeletwa na bibi, babu, shangazi au mjomba anayemlea apewe huduma ya dharura bila kusubiri karatasi. Hili tunaliomba lifanyike kabla ya mvua za masika.

(c) Siku maalumu ya usajili katika kila kata kwa watoto waliovuka miaka mitano bila cheti, ofisa aje na fomu, wazee wa ukoo wawepo palepale kutoa ushahidi.

(d) Kaya zinazoongozwa na wazee wanaolea watoto zisikatwe ruzuku kwa utoro wa mtoto kabla mtu hajafika nyumbani kuona sababu. Na suala la pensheni ya wazee Tanzania Bara lipelekwe mbele na madiwani na mbunge wetu kama hoja, kwa maandishi, tuone.

(e) Shule zote zikumbushwe kumwita mlezi badala ya kumrudisha mtoto.

(f) Wahudumu walioachwa na miradi waingizwe kwenye mpango wa halmashauri, hata kwa posho ndogo. Daftari la nyumba 40 ninalo mimi kwa sasa. Nimelifunga kwenye mfuko lisilowe, na nitalikabidhi kwa atakayetumwa, kwa kusaini.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Tukijibiwa kwamba jambo fulani haliwezekani, tuambiwe ni kifungu gani kinachozuia, ili tujue pa kwenda. Tuko tayari kuja, wote 15, siku utakayopanga. Wasioweza kutembea tutawabeba kwa bodaboda.

Ukipenda kuja mwenyewe kwetu, utakaribishwa. Njoo siku yoyote isipokuwa Jumanne ya pili ya mwezi. Siku hiyo tuko kliniki na mjukuu, tunaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na hurudi usiku.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mlezi wa wajukuu wanne
Kagera

Nakala:
Mkuu wa Wilaya
Mbunge wa jimbo letu
Diwani wa kata
Mtendaji wa kata
Wazee wa ukoo, pande zote mbili